Jina la Isaías

Katika maktaba ya klabu ya Wayahudi ya Villa Crespo, hapa Buenos Aires, hakuna mhadhiri aliyepata kumaliza mazungumzo ya Alhamisi bila kuchokonolewa na mzee Isaías Voloschin. Fundi huyu mstaafu wa makoti ya manyoya alikaa kiti cha mbele, na msemaji akishakunywa funda la mwisho la maji tu, mkono wa mzee ulikuwa juu. Iwe ni habari za Wayahudi wa Toledo au mapishi ya kina mama wa Aleppo, lazima angepata pa kusahihisha.

Kwa hiyo binti yake wa pekee, Perla, alipoalikwa kuzungumzia kitabu alichoandika juu ya wanawake wa Kiyahudi waliolima mashamba ya mkoa wa Entre Ríos, alimwendea baba yake mapema.

"Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Alhamisi usiulize."

"Nani, mimi? Mimi ni mtu wa kuuliza?"

"Baba!"

"Haya, nimefunga mdomo. Hata paa likishika moto, nitakuonyesha kwa kidole."

Alhamisi ikafika, ukumbi ukajaa. Bi Berta Kipnis, mwenyekiti wa maktaba, alikuwa ameoka keki ya asali. Perla alizungumza vizuri, ingawa jicho moja lilikuwa kwa baba yake. Alipomaliza, Bi Berta akakaribisha maswali.

Kimya. Watu wakakohoa, wakamtazama Isaías. Walikwisha kuzoea yeye ndiye afungue mlango, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Mzee alikuwa ameikalia mikono yake.

"Isaías, unaumwa?" Bi Berta akamnong'oneza, ukumbi mzima ukisikia.

Mzee akatikisa kichwa, akamwonyesha binti yake kwa kidevu. Kicheko kikavunja kimya kile. Perla akainamia kipaza sauti.

"Basi uliza, baba. Uliza, utaniaibisha!"

Isaías akainuka polepole, kitabu mkononi. Perla akajikaza kungojea masahihisho, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, hakuwahi kuisikia pale.

"Umeandika kwamba mama yangu alipofika kutoka Bessarabia, kule Ulaya, bado binti mdogo, familia zililazwa kwenye mabehewa ya treni zikingojea ardhi. Na kwamba mdogo wake wa kiume alifia mle kwa homa. Jina lake Isaías. Mimi aliniambia tu kwamba nimepewa jina la mjomba. Maisha yangu yote nimekuwa nikimwazia kama mzee mwenye ndevu. Wewe alikueleza lini?"

Perla akasahau kipaza sauti, akasahau watu.

"Jikoni, baba, tukimenya viazi. Nilimwuliza tu. Nilidhani unajua."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Alisema kila jioni akiita 'Isaías!' uje kula, ulikuwa unakuja mbio. Hilo lilimtosha. Hakutaka ukimbie umebeba mtoto mwingine mgongoni."

Mzee akakaa. Bi Berta akamsogezea leso bila kumtazama, kisha akasema kwamba na yeye amepewa jina la mtu asiyemjua, na hajui amwulize nani sasa. Mwanamke wa nyuma akadakia, na mwingine, hata keki ikaliwa watu wakizungumza kwa utulivu, bila mhadhiri wala mkutano, kama jamaa waliokutana baada ya miaka.

Majira ya kuchipua, Perla akampeleka baba yake Entre Ríos. Kando ya reli ya zamani walikuta makaburi machache ya watoto, nyasi zimepanda, maandishi yamekwisha kuliwa na mvua. Isaías akazunguka, akachagua moja, akaweka kijiwe juu yake, kama Wayahudi wafanyavyo wakizuru kaburi.

"Na kama siye?" Perla akauliza taratibu.

"Basi huyu naye amepata mgeni," akasema mzee, akapiga goti kwa taabu. Perla akarudi hadi kwenye uzio, akamwacha azungumze na mjomba wake mdogo.