Mgonjwa wa Kitanda cha Kumi na Nne

Wiki sita baada ya kumzika mama, nilienda kuomba kazi katika hospitali iliyomfukuza. Dada yangu aliniuliza kama sina haya. Haya ninayo, ila asubuhi ile niliiacha nyumbani. Nilivaa sketi yangu ya kanisani, nikatembea hadi Hospitali ya Umande, pale Njiru, nikamwambia msimamizi, Bwana Phares Oketch, kwamba mimi najua kufua.

Alinitazama usoni. Nilingoja anikumbuke, hata nikajiandaa kukana. Hakunikumbuka hata kidogo. Aliniuliza jina, nikamwambia Phelister, akaniambia nianze Jumatatu. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika kuliko nilivyoingia, maana mtu akikuharibia maisha angalau aikumbuke sura yako.

Mama yangu aliitwa Awiti. Aliosha matumbo ya ng'ombe Soko la Burma kwa miaka ishirini na miwili, na mikono yake ilikuwa misafi kuliko ya watu wengi wenye ofisi. Aliishi Makadara. Jumamosi moja alikuja kunitembelea, na kabla hatujamaliza chai kifua kikambana. Saa nane mchana tulikuwa tumeshamfikisha Umande kwa tuktuk ya jirani. Pale mapokezi walichukua kitambulisho chake, wakambonyeza kidole kwenye kimashine cha bima, wakaandika jina lake kwenye kompyuta. Tulikaa kwenye benchi dakika arobaini, yeye akivuta pumzi kwa mabega. Kisha Oketch akatoka mwenyewe na tai yake, akasema akiwa wima:

"Vitanda vyote vina watu, mama. Jaribuni kwingine."

Mama akamjibu, "Asante, baba."

Alimshukuru. Alifia kwenye tuktuk, kichwa kwenye mapaja yangu, kabla hatujafika huko kwingine. Nimesamehe mambo mengi maishani, hata mume aliyenitoroka nimemsamehe, lakini ile asante ya mama sijamsamehe Oketch, na sina mpango wa kumsamehe.

Sasa, kufua nguo za hospitali ni kazi inayokufundisha mambo. Chumba cha dobi kiko nyuma, karibu na tangi la maji. Kuna mashine moja inayotetemeka, mabeseni mawili makubwa, ndoo ya jiki ya kutoa madoa, na daftari. Kila kitanda chenye mgonjwa hutoa shuka mbili kila asubuhi, ya chini na ya juu. Dobi anazipokea, anazihesabu, anaandika: wodi fulani, shuka kadhaa, tarehe. Daftari hilo halikuwa na mwenyewe. Wakubwa hawakulifungua, kwa sababu nani mwenye tai anataka kujua habari za shuka zenye mkojo?

Nililifungua mimi. Siku yangu ya pili kazini nilirudi nyuma kwenye kurasa hadi Jumapili ile, siku iliyofuata kifo cha mama. Dobi aliyenitangulia alikuwa na mwandiko mzuri. Shuka thelathini na nne. Hospitali ina vitanda arobaini.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea, nikarudia. Wagonjwa kumi na saba. Siku ambayo mama aliambiwa vitanda vyote vina watu, vitanda ishirini na tatu vilikuwa vimetandikwa vizuri na havina mtu. Niliketi juu ya rundo la nguo chafu, nikalia kwa hasira mpaka mashine ikamaliza kuzunguka.

Majibu niliyapata kwa Mitchelle, nesi mdogo wa wodi ya wanawake, msichana mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Nilikuwa nimempelekea shuka safi, nikaona ule ubao mweupe ukutani wanapoandika majina ya wagonjwa na namba za vitanda. Nikasoma kutoka juu. Nilipofika namba kumi na nne, shuka zikanidondoka.

Awiti Ondiek.

Nikageuka. Kitanda cha kumi na nne kilikuwa kitupu, kimenyooshwa, mto juu yake.

"Mitchelle," nikasema, "huyu mgonjwa yuko wapi?"

"Ah, huyo ni wa kompyuta tu, auntie," akasema, akiokota shuka. "Hao wako wengi. Si unajua wale hurudishwa pale mapokezi? Jina iko, kidole iko, ID iko. Sasa boss anawalaza kwa karatasi, ndio bima ione tumejaa. Huyo Awiti ni regular. Hii ni mara ya tatu analazwa. Last time aliandikwa ame-improve."

Ame-improve. Mama yangu, aliyelala chini ya udongo mwekundu kwa baba yake, alikuwa anapata nafuu Njiru. Kwenye faili lake, ambalo Mitchelle alinionyesha bila kujua ananionyesha nini, walikuwa wameandika joto la mwili asubuhi na jioni. Waliandika kwamba amekula uji wote.

Nikaelewa kazi yote ya pale. Walikuwa wanawafukuza watu mlangoni kwa kusema kumejaa, kisha wanaijaza hospitali kwa majina ya hao hao waliofukuzwa. Mgonjwa wa kweli anakula, anaita nesi, anachafua shuka. Mtu wa karatasi hasumbui. Oketch hakuwahi kujiuliza kama waliorudishwa walifika kokote. Alidhani wamepata kwingine, au hakudhani chochote.

Ningeweza kupiga kelele siku ile. Ningeweza kumshika tai. Lakini nilijua kitakachofuata: angesema karani amekosea, jina lingefutwa ubaoni, nami ningetupwa nje ya geti kwa mara ya pili. Cheti cha kifo cha mama kilikuwa kabatini kwangu, sijakipeleka popote, hata kwa watu wa bima. Nikaamua kibaki hapo hapo. Nikaamua mama aendelee kulazwa. Kila asubuhi nilipita kitanda cha kumi na nne nikamwambia kimoyomoyo, vumilia mama, siku yako inakuja.

Mitchelle aliniambia pia jinsi wanavyofanya wakaguzi wa bima wakija. Oketch ana mtu wake huko bima anayempigia simu siku moja kabla. Basi anakodi watu kutoka barabarani, wanawake kwa wanaume, wanavaa gauni za wagonjwa, wanalala, mkaguzi anahesabu vichwa, anaondoka. Ila vitanda arobaini vinahitaji shuka themanini safi kwa wakati mmoja. Na anayeombwa shuka ni dobi.

Nilingoja miezi miwili. Jumatano moja, saa tano asubuhi, Oketch alikuja mwenyewe hadi nyuma kwenye tangi.

"Phelister, kesho saa sita nataka shuka themanini. Zipigwe pasi."

"Zitakuwa tayari, bwana," nikasema. Nilitabasamu, naye akatabasamu.

Saa za kuwaona wagonjwa Umande ni saa saba hadi saa nane mchana. Jioni ile nilikwenda Makadara, kwa Mama Khalayi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la mama. Kama humjui Mama Khalayi, jua hivi: mwanachama wa kikundi chake akilazwa, wanakwenda wote. Wanavaa nguo zao za buluu na vitambaa vyeupe kichwani, wanabeba uji kwenye chupa, kuku kwenye hotpoti, na hakuna bawabu Nairobi hii aliyewahi kuwazuia.

"Mama," nikamwambia, "kesho saa saba njooni Umande tumwone mama yangu."

Alinitazama kwa huruma. Akanishika mkono.

"Binti yangu, Awiti nilimfunga kitambaa kichwani siku ya kumzika, kwa mikono yangu hii. Umelala kweli wewe?"

Nikamweleza, kuanzia shuka hadi uji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaenda chumbani, akarudi na ratiba ya mazishi ya mama, ile yenye picha yake mbele akiwa amevaa buluu.

"Kila mmoja wetu anayo hii," akasema. "Tutakuja nazo. Na kuku nitampika, maana hatujawahi kumwona mgonjwa mikono mitupu."

Alhamisi saa sita wale wa kukodiwa waliingia kwa mlango wa nyuma. Nilitandika vitanda vyote mimi mwenyewe. Kwenye namba kumi na nne walimlaza msichana mmoja anaitwa Lorraine, hajafika miaka thelathini, na hereni zake masikioni.

"Auntie, huyu Awiti wanayesema ni mimi, ni nani?" akaniuliza, akivuta shuka hadi kidevuni. "Boss amesema nijifanye nimelala tu."

"Ni mtu aliyekosa kitanda," nikasema. "Toa hereni."

Sikuwa na ubaya naye. Njaa haina adabu mitaa hii, na kulala kitandani kwa saa mbili ni kazi rahisi kuliko yangu.

Mkaguzi alifika saa sita na nusu, mama mmoja mnene anaitwa Nyamai, na orodha mkononi. Alianza na wodi ya wanaume, Oketch akimtangulia na kumfungulia milango. Mimi nilikuwa nafagia kwenye korido, mahali palipokuwa pasafi tayari, nikitazama saa. Walipofika wodi ya wanawake ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Kitanda cha kwanza, cha pili. Nyamai alikuwa akisoma jina, anatazama mtu, anaweka alama. Cha tisa. Nikaanza kutokwa jasho. Cha kumi na moja. Wakimpita Lorraine kabla ya akina mama kufika, basi mama atakuwa amefukuzwa tena.

Ndipo nikasikia wimbo.

Waliingia wakiimba polepole, ule wimbo wanaowaimbia wagonjwa, wanawake kumi na sita wa buluu na nyeupe. Bawabu alikuwa nyuma yao akibeba hotpoti. Walikuwa wamempa abebe. Mama Khalayi akasimama katikati ya wodi.

"Bwana asifiwe. Tumekuja kumwona mgonjwa wetu, Awiti Ondiek."

Oketch alifurahi. Naapa alifurahi! Wageni wa kweli mbele ya mkaguzi, nani angekataa? Alinyoosha mkono mwenyewe.

"Karibuni, mama zangu. Kitanda cha kumi na nne. Anaendelea vizuri."

"Anaendelea vizuri," Mama Khalayi akarudia. Wakakizunguka kitanda. Lorraine alifumba macho kwa nguvu. Mama Khalayi akafungua mkoba, akatoa ratiba ya mazishi, akailaza juu ya shuka, kwenye magoti ya yule msichana. Wa pili akaweka yake. Wa tatu. Waliweka mmoja mmoja, mpaka kitanda kikajaa picha za mama yangu, kumi na sita, zote zikimwangalia Oketch.

Nyamai aliokota moja. Akasoma jina, akatazama orodha yake. Akasoma tarehe ya kuzaliwa. Akasoma tarehe ya kufa.

"Bwana Oketch," akasema, "huyu amezikwa tangu mwezi wa tatu."

Lorraine akafumbua macho, akaona picha zimemjaa, akaruka kitandani akipiga kelele. "Mimi si maiti! Mimi nilikodiwa pale stage! Hata hawa wengine, ulizeni!" Na wale wote wa kukodiwa wakaanza kuamka, wakivua gauni, wakitafuta viatu chini ya vitanda.

"Ni kosa la karani," Oketch akasema. "Ni kosa dogo la kompyuta."

Nikaweka ufagio chini. Nilikuwa nimelifunga daftari la dobi kiunoni kwa leso tangu asubuhi, na cheti cha kifo ndani yake. Nikalifungua, nikampa Nyamai.

"Hizo ni shuka za kila siku, mama, mwaka mzima. Gawanya kwa mbili. Na hiki ni cheti cha kifo. Marehemu ni mama yangu. Aliletwa hapa akiwa hai, akaambiwa hakuna nafasi."

Sasa Oketch alinitazama vizuri. Niliona akinitafuta usoni, akirudi nyuma siku hadi siku, mpaka akafika kwenye lile benchi. Alinikumbuka. Miezi yote ile nilikuwa nataka kitu hicho kimoja tu, na nilipokipata nilikifurahia, sitadanganya.

"Phelister," akasema kwa sauti ndogo, "si ungeniambia tu?"

Nyamai alikuwa kwenye simu, akiita polisi, akiwaambia walete gari kubwa. Uso wa Oketch uligeuka rangi. Akaanza kuhema, mkono kifuani. Alitafuta mahali pa kukaa. Kitanda kilichokuwa karibu kilikuwa cha kumi na nne. Akakishika ukingo, akaanza kujishusha.

Nikasogea, nikasimama kati yake na kitanda.

"Hicho kina mtu, baba," nikamwambia. "Jaribu kwingine."

Alitazama huku na huku. Vitanda vyote vya waliokodiwa vilikuwa vitupu kufikia wakati huo, vyeupe, shuka zimepigwa pasi, na mbele ya kila kimoja akina mama walikuwa wamesimama. Akabaki wima, ameegemea ukuta, mpaka gari lilipofika.