Inaitwa, Inaitika

Rosaline, jirani yetu hapa Kamukuywa, anasema mama mkwe wake alikuwa ameshaombewa maombi ya mwisho wakati daktari alipompa tembe nyeupe, ndogo kama punje ya wimbi. Wiki chache baadaye ati alionekana sokoni Webuye akibishania bei ya omena. Ugonjwa ulikuwa wa tezi.

Kukhu Nabwile, nyanya aliyenilea, alikuwa hivyo hivyo: baridi hata juani, usingizi mchana, hatua nzito. Nikaogopa nitampoteza. Nikampeleka Kitale kwa Daktari Jepkorir kuomba ile tembe.

Daktari alipotaja tezi, Kukhu alikataa. Hiyo ni ya wanaume, akasema, mimi nitaitoa wapi? Daktari akacheka, akamwambia iko nyingine kooni, kila mtu anayo. Akampa glasi ya maji ameze polepole.

Alipomeza nikaona. Kitu kikapanda chini ya ngozi, kikashuka. Miaka yote hii nimeipaka ile shingo mafuta, nimeifunga leso, na sijawahi kukiona. Daktari akasema hapo ndipo moyo unapopangiwa mwendo na mwili joto. Nikajishika shingo yangu.

Damu ilipimwa siku hiyo, ikapimwa tena baada ya miezi mitatu. Namba ilikuwa juu kidogo tu, mara zote mbili. Nikangoja aandike dawa. Akaweka kalamu chini.

"Ubongo unaita tezi kwa sauti ya juu kidogo," akasema. "Lakini inaitwa, inaitika. Kwa mama wa miaka themanini na tatu, hiyo si mbaya. Nikiisukuma na dawa, moyo unaweza kukimbia na mifupa ikalegea."

Huyo wa Rosaline, akasema, pengine tezi yake ilikuwa imeacha kuitika kabisa. Sisi turudi baada ya miezi sita.

Sikujua kwamba kuacha pia ni kutibu. Akamwambia Kukhu asimame bila kushika kiti. Kukhu akasimama. Daktari akamuuliza uchovu ulianza lini.

Kukhu akanitazama. "Tangu huyu afiche jembe yangu."

Ni kweli. Januari aliteleza shambani, nami nikalificha nyuma ya magunia, kwa kumpenda.

Tulipofika nyumbani nilimwekea chai. Alikunywa akiangalia magugu kwenye maharagwe, nami nikiangalia koo lake likipanda, likishuka.

"Edah," akasema, "nipe jembe yangu."