Mrithi wa Jenereta

Jana nililala kwa dada yangu Osmunda, huko Ungoni, na usingizi haujakolea vizuri nikaona jenereta wa kijiji amekufa.

Tulimwita Mzee Ngurumo. Shemeji yangu Otmari, mume wa Osmunda, ndiye aliyemtunza tangu ndevu zake zikiwa nyeusi: kumwasha jioni, kumnywesha dizeli, kumzima watu wakilala. Juzi lilikuja tangazo kwamba kijiji kinahamia umeme wa jua, na kwamba nyumba za nyasi haziunganishwi. Nyumba ya Otmari ni ya nyasi. Kuhusu Otmari mwenyewe tangazo halikusema kitu.

Sasa maiti imelazwa mkekani, uani. Wanawake wanaiosha kwa mafuta ya taa, maana kwa maji ingeota kutu. Dada analia kwa adabu. Marehemu anamwambia taratibu, "Usijali, mama. Nilikuwa nakohoa siku nyingi."

Majirani wamekuja na nyumba zao kichwani. Tangazo lilisema tunahama, nao wakahama. Nyumba za bati zinabebeka. Jirani yetu Hyera aliinama kumuaga marehemu, dirisha lake likafunguka, sufuria ikadondokea mkekani. Hakuna aliyecheka.

Otmari naye alijaribu kuinua ya kwake. Alibaki na udongo mikononi.

"Iache, baba Tasiana," dada akamwambia mumewe. "Itatuangukia, tuzikwe watatu."

Shughuli iliongozwa na nguzo ya umeme, kwa kuwa ndiye pekee asiyechoka kusimama. Tulipofika makaburini akauliza, "Mrithi yupo?"

"Nipo," akasema Jua.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, shati limenyooka, na watu wote wa benchi lile walikuwa wamesogea mbali kwa joto. "Narithi nguzo, narithi na nyaya," akasema. "Zikeni upesi. Nikichelewa nitazama hapa hapa."

Tukatupa udongo. Udongo ukarudi machoni petu. Tukatupa tena, ukarudi tena. Tukachungulia. Mle kaburini, ubavuni mwa jeneza, kuna mtu amelala chali, mikono kifuani. Ni Upepo, ametoka kwake Makambako bila kualikwa.

Upepo ni mtani wa jenereta kama Mhehe alivyo mtani wa Mngoni. Na mtani akilala kaburini huziki mpaka umpe anachotaka.

"Toka humo, mtani usiye na haya!" Hyera akafoka. "Tuna nyumba vichwani!"

"Zitueni," akajibu Upepo bila kufumbua macho. "Nyie Wangoni mmezoea kuhama na kuacha wazee njiani. Yatima wa marehemu ni nani? Mbona hatajwi?"

Nguzo akasema, "Msemaji wa familia aseme."

Wote wakanitazama mimi. Mimi ni mtu wa njia, leo hapa kesho kule; kwenye misiba hukaa karibu na lango. Nikalitazama lango. Lango likasema, "Leo hapana, mzee."

Basi nikasema. "Yatima ni huyu Otmari. Na nyumba yake."

Jua akamtazama Otmari kuanzia viatuni. "Simjui. Mimi sinyweshwi dizeli, wala siwashwi kwa kamba. Na kama ni mwanga, mimi huwaangazia wote, tena bure. Nani amewahi kunilalamikia?"

"Wote walio nje," akasema Upepo kutoka shimoni. "Ndani kwa Osmunda umewahi kuingia?"

Hapo hatuko tena makaburini. Tuko ndani ya nyumba ya dada, kaburi liko katikati, palipokuwa na mafiga. Jua ameinama mlangoni ndipo akapita. Anapapasa ukuta.

"Mbona giza?"

"Ndivyo tunavyoishi, baba," dada akasema. "Karibu kigoda. Angalia kibatari, usikipige teke."

Jua akakaa. Ukutani masizi, darini masizi.

Ndipo paa likaita, kwa sauti kavu: "Baba."

Jua akageuka huku na huku. "Nani huyo?"

"Mimi, nyasi. Ulinilea mwenyewe bondeni kule mpaka nikamzidi mtu kimo. Hukusema nyasi ni aibu. Leo nimekuwa nyumba ya watu, unanikana?"

"Si mimi niliyesema. Ni tangazo."

"Tangazo halina watoto," akasema Upepo.

Kwetu mrithi hapewi shoka la marehemu kabla hajamshika yatima mkono mbele ya watu. Jua alilijua hilo, maana ameona misiba yetu yote ya mchana. Akautazama mkono wake.

"Nitamuunguza," akasema, na sauti yake haikuwa ya kiburi tena.

Otmari akasogea. Mkono wake ulikuwa mweusi kwa oili isiyotoka kwa sabuni yoyote. "Nimeshika ekzosi ya moto ya Mzee Ngurumo maisha yangu yote," akasema. "Lete."

Wakashikana. Nyama ikanukia kidogo, lakini Otmari hakuachia, wala Jua hakuachia.

"Huyu ni wangu," Jua akasema mbele yetu wote. "Vioo vyangu vitashika vumbi, nyaya zitakatika, nami siwezi kushuka mchana kuzitengeneza. Atanitunza yeye, kama alivyomtunza mwenzangu. Nyumba yake iunganishwe kwanza, na nyasi zake. Na bei ya umeme isimshinde mtu anayeishi kwa mahindi yake. Nikisikia imemshinda, sichomozi."

"Hata kwa siku moja?" Hyera akauliza kwa hofu.

"Jaribuni."

Upepo akanyanyuka, akajipangusa udongo. "Haya, zikeni. Nawe ndugu, ukizama, zamu naishika mimi."

Tukamzika Mzee Ngurumo. Udongo haukurudi. Hyera akatua nyumba yake, wengine wakatua zao, nao wakaja mmoja mmoja kumshika Otmari bega.

Dada akaleta beseni, watu wakapanga foleni kunawa, kama inavyowapasa wanaotoka kuzika. Jua alikuwa amechelewa, akakimbilia mlimani.

"Hujanawa!" Nguzo akamwita.

Alikuwa ameshazama.

Nikaamka. Kumekucha, na mwanga umepenya kwenye nyasi za paa, sijui umepita wapi, ukaanguka ukutani, kipande kidogo kama sahani. Ndani yake kulikuwa na doa jeusi: vidole vinne na gumba.

Nikatazama juu nione kinachokingama. Nyasi tu. Nikafuta ukuta kwa kiganja, doa likapanda juu ya mkono wangu. Nikaunusa. Dizeli.

Nikamwita Otmari, aliyekuwa uani anavaa koti aende mkutano wa kijiji wa umeme wa jua ambao hakualikwa. Akaingia. Akaweka mkono wake juu ya doa, kidole juu ya kidole, akautazama.

"Shemeji," akasema polepole, "huyu mtu hakunawa."