Kabati la Rosmira

Yolima aliacha kazi ya dukani kwa sababu moja tu: mama yake, Rosmira, hakuwa tena mtu wa kuachwa peke yake. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alishasema. Lakini huruma haiteleki chungu, na pale Manizales, mji wao wa Colombia, hakuna atakayekulisha eti kwa kuwa unauguza. Ndipo akajiandikisha kwenye mafunzo ya mtandaoni ya kusoma matangazo kwa sauti. Miezi mitatu alijifunza kupumua, kutamka, kurekodi, na kusafisha kelele kwenye kompyuta.

Studio hakuwa nayo. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake waingie kabatini, maana nguo humeza mwangwi. Kabati pekee lililojaa nguo lilikuwa la Rosmira, magauni na mashali ya sufu ya miaka arobaini. Yolima akawa anajifungia humo, kipaza sauti mapajani, harufu ya mama yake imemzunguka pande zote.

"Nilikubeba tumboni miezi tisa, leo umerudi kujificha ndani ya magauni yangu," mama alimtania kutoka kitandani. "Kuna nini humo kisichoisha?"

"Kuna riziki yetu, Mama. Nikiwa humu usiniite, hata kikohozi kinaharibu kazi. Ukizidiwa, gonga kikombe kwa kijiko mara tatu."

"Mara tatu. Kama padre na kengele yake!"

Shida ni kwamba bibi yule aliipenda kengele yake kupita kiasi. Aligonga kuuliza kama mvua imekatika. Aligonga kutangaza kwamba jirani amenunua pazia baya.

"Mama, utanifukuzisha kazi ambayo hata sijaipata!" Yolima alifoka, naye Rosmira akacheka mpaka akapaliwa.

Alhamisi moja asubuhi Yolima alikuwa akirekodi jaribio la kampuni moja ya Mexico, tangazo la sabuni ya kufulia. Wakiipenda sauti yake, angepata kazi ya mwaka mzima, na asingebanduka tena kando ya kitanda kile. Siku hiyo sauti ilitoka safi kuliko siku zote. Karibu na mwisho akasikia kijiko. Ko, ko, ko. Pazia tena hilo, akajisemea, akamalizia maneno yaliyobaki. Sekunde ishirini, hazikuzidi. Akatuma papo hapo, bila hata kujisikiliza, kwa furaha.

Alipofungua mlango wa kabati, kikombe kilikuwa sakafuni na maji ya sukari guru yamemwagikia kandambili. Rosmira alikuwa ameuelekeza uso kabatini. Alikuwa amekata roho.

Walimsalia rozari siku tisa. Siku ya kumi kaka yake, Arcesio, akaja na magunia, kwa sababu nguo za marehemu hugawiwa wenye shida, hazikai ndani.

"Usijitese, mdogo wangu," alimwambia. "Hata ungekuwa pale, ungefanya nini?"

"Ningekuwa pale," Yolima akajibu.

Gauni la mwisho lilikuwa bado mkononi mwake ujumbe wa Mexico ulipoingia. Sauti yako imetupendeza mno. Ila nyuma kuna kitu kinagongwa mara tatu. Kiondoe, ututumie leo, na kazi ni yako.

Kurekodi upya hakukuwezekana, kabati lilikuwa tupu na kila neno lingerudi na mwangwi wake. Na kusafisha kelele alikujua vizuri. Lilikuwa ndilo somo alilopatia alama za juu kabisa. Alikaa, akalia kwa kwikwi, akakata. Kile alichokikata hakukifuta, alikihifadhi kivyake kwenye kompyuta. Jioni kazi ikawa yake, na hakuipenda hata kidogo.

Arcesio alipoondoka na magunia yake, Yolima alikifungua kile kipande kidogo, akapandisha sauti hadi mwisho. Ko. Ko. Kabla kijiko hakijagonga mara ya tatu, alikuwa amekwisha simama, anakimbilia kitandani.

"Naam, Mama. Nakuja."