Namba ya Orrin

Kazi yangu haina sifa. Natengeneza kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta, ambayo huipa namba kila programu inayoanza kufanya kazi. Programu ikifa, namba yake hupewa nyingine. Hapo ndipo penye balaa: kuna anayeikumbuka bado namba ya marehemu, anaipelekea amri ya kuzima, na anayezimwa ni mgeni asiye na kosa lolote.

Mimi na mwenzangu wa kazi, Orrin Haugen, tulitaka namba isirudiwe kamwe, iwe ndefu kiasi cha kutokwisha. Corliss, mkuu wetu, alitukatalia kila mara. Orrin akafariki kabla theluji haijaanza, na hapa mjini Duluth nikabaki sina hata wa kubishana naye. Nilikuwa mpweke, sioni haya kusema. Kila mchana niliendelea kumtumia ujumbe kwenye simu yake, kama zamani, nikimwambia kantini wamepika nini. Upuuzi, najua.

Mwezi wa tatu, siku ya kuamua hatima ya mpango wetu, nilimwandikia: "Supu ya mchele wa ziwani tena. Saa nane naingia kwa Corliss."

Simu ikalia. Ujumbe kutoka namba ya Orrin.

"Samahani, mimi si Orrin. Namba hii nimepewa juzi."

Saa nane nikaingia. Corliss akaanza wimbo wake ule ule: programu za zamani zimezoea namba fupi, zitavunjika, na leo akikataa, mpango unatupwa. Akacheka kidogo.

"Hebu niambie, Lyle. Mwenye akili timamu gani anaendelea kutuma kitu kwa namba ya marehemu bila kuangalia sasa ni ya nani?"

"Mimi," nikasema. "Mchana huu."

Nikamsogezea simu. Akasoma, akapandisha juu, akasoma habari za supu zote zile tangu msiba. Hakucheka tena. Akasema programu za zamani tutazitafutia njia, mpango upite, na jina la Orrin litangulie langu.

Nikarudi mezani. Kiti cha pili kilikuwa kitupu vilevile. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote na sina wa kumwambia, vidole vikaenda vyenyewe: "Tumeshinda, bwana wee. Corliss kakubali."

Jibu halikukawia.

"Hongera, ndugu. Ila mimi bado si Orrin."