Kalamu ya Lorna

Vernon Haskett alijifungia chooni, akapandisha aproni yenye damu ya bata mzinga, akajidunga sindano tumboni. Baridi ya kiwanda ilikuwa imemtia ganzi vidole, ikabidi aishike kalamu ya kudungia insulini kwa mikono miwili. Kwenye kibandiko chake paliandikwa jina la Lorna Pruitt. Alijidunga nusu ya kipimo alichoandikiwa na daktari, nusu nyingine akaibakiza kwa ajili ya kesho.

Ya kwake mwenyewe hakuwa nayo tangu Septemba. Watu walioletwa na wakala wa ajira, kama yeye, hawakupewa bima ya afya na kiwanda. Walijinunulia, na serikali ikawalipia sehemu kubwa, mradi mapato yao yasivuke mstari uliowekwa. Vernon hakuwahi kuomba ovataimu maishani mwake. Lakini kila mwaka, kuanzia Julai hadi Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, Wamarekani wanapokula bata mzinga, ovataimu ni amri, na anayekataa anarudisha aproni. Wiki kadhaa za kukata mapaja ya bata mzinga zilimvusha mstari. Ruzuku ikaondoka, na bima ikapanda kuliko kodi ya nyumba.

Alikwenda kwa msimamizi wao, Kip Dorsey.

"Niondoe kwenye ovataimu, Kip. Hizi hela zinaniua."

"Hela zinakuua?" Kip aliwageukia watu wa mkandani, waliokuwa wakikata nyama iliyokuwa ikipita mbele yao. "Jamani, mmemsikia mzee? Anaomba apunguziwe mshahara!"

Wakacheka, hata wale ambao hawakusikia.

"Nina sukari, Kip."

"Vern, bwana, mimi naletewa orodha tu. Ukichoka, mlango ule pale."

Lorna, aliyesimama jirani yake kwenye mkanda, alifanya zamu fupi kwa sababu alikuwa akilea wajukuu wawili. Naye alikuwa na sukari. Kwa zamu ile fupi alibaki chini ya mstari, na dirishani kwa mfamasia hakulipa kitu. Akipata kalamu ya ziada, alimtilia Vernon mfukoni.

"Shika, mkaidi wee. Ukianguka hapa, nani atanishikia haya mapaja?"

Vernon alimshukuru, na alimchukia. Alikuwa amefanya kazi miaka arobaini na mmoja bila kuomba mtu kitu, na sasa alikuwa hai kwa jina la mtu mwingine. Siku moja wakati wa chakula Lorna alisema, kwa mzaha wake wa kila siku, "Serikali inanipenda mimi, Vern. Wewe katafute wajukuu!" Meza nzima ikaangua kicheko. Vernon alihisi uso unamwaka.

Ukutani pale palikuwa na tangazo lenye namba mbili za simu. Ya kwanza ilikuwa ya wenye shida ya bima. Vernon aliwahi kuipiga mara nne, na mara zote nne alisikiliza muziki wa kinanda wa kusubirisha wapigaji mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia. Ya pili ilikuwa ya kuwataja wanaodanganya kuhusu mapato. Siku hiyo alitoka nje kwenye maegesho, akapiga ya pili.

Ilipokelewa papo hapo.

"Asante kwa kupiga, bwana. Tukusaidie nini?"

Aliwaambia anachokijua: Lorna Pruitt huwakata watu nywele majikoni mwao na kulipwa mkononi, hela asizozitaja serikalini. Alijibu maswali matatu. Aliporudi mezani, mkate wake bado ulikuwa nusu.

Mwezi ulipopita, Ijumaa baada ya zamu, Lorna alikuja na mkasi wake nyumbani kwa Vernon kama kawaida. Akamfunga taulo shingoni, kisha akaweka kalamu mezani.

"Ya mwisho hiyo. Tutagawana."

"Ya mwisho kivipi?"

"Wamenikatia ruzuku. Kuna mtu kawaambia nanyoa watu. Dola kumi, Vern! Wengine wananilipa kopo la maharage!"

"Nani huyo?" Vernon alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza.

"Atakuwa Kip, mshenzi yule. Mtu anayenijua hawezi. Wale wajukuu wangu si anawaona?" Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Wewe uliwahi kuwapigia wale wa msaada. Namba unayo?"

Alikuwa nayo kichwani. Akamtajia, tarakimu moja moja. Lorna alipiga, akafungua spika, akailaza simu kando ya kalamu. Sauti ikasema wahudumu wote wana kazi, asubiri. Kisha kinanda kikaanza.

"Huwa wanachukua muda gani?"

"Muda."

"Basi inamisha kichwa."

Akainamisha. Mkasi ulipita nyuma ya sikio, nywele za mvi zikaanguka kwenye taulo na sakafuni. Vernon alitazama jina la Lorna kwenye kibandiko cha kalamu. Lorna alimaliza kisogo, akamaliza pembeni, akampuliza shingo. Simu bado ilikuwa inapiga kinanda. Hakuuweka mkasi chini. Alirudia pale alipokwisha kata, akapunguza kidogo, na kidogo tena.