Mtoto wa Pili wa Mathe

Mwaka 2000 mjukuu wangu Laurent aliamua kuingia jeshi, na kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa Butembo, vita vikiendelea, na kila kikundi kilitafuta vijana. Mimi nilikuwa naandika maisha ya babu yangu Mathe. Nilisoma shule ya jioni nikiwa tayari baba wa watoto, nikapata vyeti viwili, na sikutaka ukoo wetu ubaki bila kitabu. Kila ukurasa wa daftari niliugawa: kushoto historia ya dunia, kulia maisha ya Mathe. Kushoto niliandika: 1916, jeshi la Wabelgiji linateka Tabora. Kulia: Mathe, askari, yuko Tabora. Kwa wino mwekundu nikaongeza habari ya uvimbe mgumu wa begani mwake, ambao utotoni nilipenda kuubonyeza: alama ya mkanda wa bunduki.

Laurent alisoma ukurasa huo mara tatu.

"Donc sisi ni damu ya basoda," akasema, akiligonga kwa ukucha neno askari.

Lori la kuchukua vijana lingepita kwetu Jumatatu. Mama yake, Julie, alilia. Mimi, nasema kweli, nilivimba kichwa.

Ijumaa nilipanda gari kwenda Beni, mtaa wa Mulekera, kwa shangazi yangu Kahongya, mtoto wa mwisho wa Mathe. Nilitaka anipe habari mbili tatu za ushujaa, Laurent aondoke nazo. Nilimkuta akitoa maharage kwenye maganda. Nikamsomea ukurasa ule wa Mathe, na watoto wake kwa majina na miaka.

"Soma tena batoto," akasema.

"Mumbere, 1913. Baba yangu Kasereka, 1918."

"Na Kambale?"

"Kambale gani, shangazi?"

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Mutu ya diplome mbili! Kasereka anazaliwaka wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Mumbere ni wa kwanza. Wa pili iko wapi? Ulimukula?"

Kwetu Wanande jina la mtoto wa kiume hufuata zamu yake ya kuzaliwa, wa pili akiwa Kambale na wa tatu Kasereka, na akifa, zamu yake haichukuliwi na mwingine. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mimi nilikuwa nimehesabu wale tu niliowakuta katika kitabu cha ubatizo cha parokia.

Shangazi aliacha kucheka.

"Basoda ya Bazungu balikuya kutafuta batu ya kubeba bintu. Baba akakimbilia pori. Bakafungia mama ndani ya lupango mpaka baba atoke, Kambale kwa mugongo. Siku ya tano mutoto akakufa. Baba akatoka, akasema: niko huyu."

"Wakampa bunduki?"

"Bunduki ya nani? Balimupa sanduku ya risasi, kwa bega, mpaka Tabora."

Nilifunga daftari. "Mbona hakuniambia?"

"Hukumuuliza. Ulikuwa unabonyeza bega, unacheka."

Njiani kurudi nilijishauri kuuacha ukurasa ulivyo. Shangazi alikuwa mzee, na hakuna mwingine aliyejua. Kwenye kizuizi askari walitushusha tuonyeshe vitambulisho. Kijana mmoja alipita mbele yetu katika sare mpya iliyompwaya, godoro la mkubwa wake kichwani, masufuria mkononi. Bunduki hakuwa nayo.

Jumapili baada ya misa nilimwita Laurent, nikamweleza yote.

"Sasa mwenye aliua Kambale ni nani?" akauliza.

"Wenye bunduki."

Aliweka kidole kwenye ule wino mwekundu. "Mais babu, weye ndiye uliandika askari."

"Niliandika kile nilichotaka kiwe. Nilikosea."

Usiku mkoba wake ulibaki karibu na mlango, umefungwa.

Asubuhi lori lilipiga honi barabarani. Nilitoka chumbani nikijua nitaukuta mlango wazi. Laurent alikuwa amekaa mezani, daftari langu mbele yake. Neno askari alikuwa amelikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na kati ya Mumbere na Kasereka alikuwa ameandika jina.

"Kambale alikuwa na miezi ngapi?" akauliza.

"Shangazi hakusema."

"Donc tutaenda kumuuliza."

Honi ikalia tena. Julie alisimama karibu na jiko, mwiko mkononi. Laurent aliacha nafasi wazi mbele ya jina, akapuliza wino ukauke.